Boti ya kukodi ya jioni, bandari ya Kilindini, Mombasa: chakula safi, usalama bado

Nyota 2 kwa 5, na hizo 2 ni za samaki wa kupaka na upole wa wahudumu, hapo siwadai kitu. Shida ni giza likishaingia. Boti inapita pale mlango wa Kilindini ambapo meli za makontena zinaingia na kutoka na feri za Likoni zinakatiza usiku na mchana, halafu taa ya kijani ya upande wa kulia imekufa, nyekundu ya kushoto inapepesa tu, na muziki umefunguliwa mpaka honi huisikii. Jamani! Hizo taa sio urembo, ndizo zinamwambia mwenzako unaelekea wapi, ukiona nyekundu na kijani zote mbili kwa pamoja jua chombo kinakuja moja kwa moja kwako. Na usiku taa za mji zinameza vitaa vidogo vyote, meli kubwa nayo haina breki, hata wakikuona haiwezi kusimama wala kukwepa hapo kwa hapo kwenye mkondo mwembamba, wewe mdogo ndio unatoka njiani.

Nilimwambia nahodha akanijibu "usijali dada, njia naijua". Sawa unaijua, lakini nani anakuona wewe?

Laifujaketi zipo ila zimefungwa kamba chini ya benchi, kuna mtoto ilibidi tuhangaike na fundo ndio avae. Watengeneze taa, waweke mtu wa kuangalia mbele, nitarudi na familia nzima. Kwa sasa mkienda nendeni mchana.