Ladri di biciclette ukumbini: mkanda wa milimita 35 au faili ya dijitali?

Filamu hii ("Wezi wa Baiskeli") ya mwongozaji Mwitaliano Vittorio De Sica ya 1948 ina takriban dakika 90. Kwenye mkanda, hizo ni karibu mita 2,500, na reeli (gurudumu la mkanda) hubadilishwa fundi wa projekta anapoona alama ya duara kona ya juu kulia ya picha. Hatari kubwa ni umbo la picha, 1.37 kwa 1 (upana kwa kimo): ukiweka lenzi na kizuizi (kibati cha kukata kingo za picha) cha umbo pana la 1.85, vichwa na maandishi ya tafsiri hukatwa. Faili hubeba umbo hilo ndani yake, na haichaniki. Lakini ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali, ufunguo huo una saa ya kuanza na kuisha, tena hutengenezwa kwa ajili ya seva moja maalumu (kompyuta ya ukumbi inayocheza faili). Ukibadili seva, skrini giza. Bila fundi mzoefu wa mikanda, chukua faili, uijaribu siku moja kabla.