Kubadilishiwa goti: kilichonituliza maumivu na kilichonichosha

Nimewekewa goti bandia mguu wa kulia Dar es Salaam, nikarudi kuuguzwa kwetu Ngamiani, Tanga. Kila anayekuja kunijulia hali anauliza kama inauma. Inauma, tena maumivu haya si ya waja leo waondoka leo.

Siku ya upasuaji ndiyo ilikuwa nyepesi kuliko zote. Ganzi ya mgongoni ilifisha miguu yote miwili, nikawa nasikia wanavyogonga huku siumii. Wakaongeza sindano ya kuzima neva za mguu ule, ndiyo iliyonilaza usiku wa kwanza. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wanajiona wamepona, kumbe ganzi haijaisha. Daktari wa usingizi aliniambia nianze vidonge kabla haijaisha. Ushauri huo naupa nyota tano.

Panadol watu wanaidharau bure. Nilikuwa nameza gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, iume isiume. Isizidi gramu 4 kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyohiyo ndani. Tramadoli ilikata maumivu makali, lakini kizunguzungu na kichefuchefu vilinitesa, choo nacho kikagoma mpaka nikapewa dawa ya kukilainisha. Nyota tatu. Diklofenaki sikupewa kwa sababu nina presha. Mwenye presha, figo au vidonda vya tumbo asijinunulie tu dukani.

Sasa barafu. Jirani anauzia watoto barafu za mifuko, nikamwomba anigandishie za maji matupu. Unazipondaponda, unazifunga ndani ya khanga, unaweka gotini dakika 15 hadi 20. Usiziweke juu ya ngozi tupu, zinaunguza. Kwa uvimbe wa jioni sijaona cha kuzishinda, na bei yake ni ya kitoto.

Mazoezi ndiyo mtihani. Mtaalamu wa viungo alitaka goti likunje hadi nyuzi 90, nami nilimeza kidonge kama nusu saa kabla hajafika. Mto alinikataza kuuweka chini ya goti, maana goti huzoea kujikunja. Unawekwa chini ya kisigino.

Shangazi alikuja na mafuta ya nyonyo. "Mwanangu, mguu usiochuliwa utakakamaa." Nikamwambia, "Shangazi, daktari amekataza, damu inaweza kuwa imeganda ndani." Alinuna, lakini chupa akairudisha mkobani. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au kifua kikibana, hayo si ya mafuta wala Panadol, ni ya kukimbizwa hospitali. Kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, vilevile.

Lawama yangu ni wakati wa kuruhusiwa. Nilipewa mfuko wa dawa na maelezo ya haraka mlangoni, halafu safari ya zaidi ya kilomita 300. Bahati dereva alikubali kusimama Chalinze na Segera ninyooshe mguu.

Sasa naenda Soko la Mgandini kwa mkongojo mmoja, naswali kwenye kiti, na usiku goti bado linapata joto. La kushoto nalo limeanza kulia. Nitarudi hospitali ileile, ila sitoki wodini bila ratiba ya dawa iliyoandikwa na namba ya kupiga usiku.