Kwenda Ilboru au shule binafsi: mitihani miwili tofauti

Ilboru, shule ya serikali ya wavulana wenye vipaji iliyoko Arusha, huombi. Kijana anafanya mtihani wa taifa wa darasa la saba, Septemba, masomo sita, kisha TAMISEMI, ofisi ya serikali ya tawala za mikoa, ndiyo inayopanga. Wewe mzazi unasubiri orodha tu. Unaweza kukaa Ngaramtoni, hapo Arusha, na mwanao akapangwa Mzumbe, kule Morogoro, nauli juu yako! Ila ada hakuna.

Seminari na shule nyingi binafsi za Moshi zina mchujo wao: fomu ya kulipia, mtihani wa Hisabati na Kiingereza, pengine na usaili. Hapo mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hutoka jasho, hata kama hesabu anazijua. Uzuri wake, akikosa moja anajaribu nyingine. Mimi ningemwandalia huu wa pili tangu darasa la sita. Septemba hesabu hizohizo zitamfaa.