Siku tatu za milima na mabonde ya Oman: tathmini ya ratiba tuliyouziwa

Januari iliyopita tulisafiri kutoka Pemba kwenda Maskati kwa harusi ya mpwa wa mume wangu, na baada ya nikaha na karamu zake tukabaki na siku tatu zisizo na shughuli. Sisi ni watu wa kutembea kwa miguu; msitu wa Ngezi tumeuingia mara nyingi kiasi kwamba kijana wetu wa miaka 16 anaweza kuongoza wageni. Kwa hiyo tulilipia mapema huduma ya ofisi moja ya safari ya huko: gari, dereva anayezungumza Kiswahili, maji ya kunywa na ratiba ya siku tatu za kuangalia mandhari na kutembea, kwa rial 210 kwa watu watatu. Ofisi yenyewe siitaji jina kwa sababu madai yetu kwao hayajamalizika. Huduma nitaieleza kama ilivyokuwa, kwani jamaa wengi wa Unguja na Pemba huenda Oman kwa harusi, misiba na matibabu, na siku za katikati huishia madukani kwa kukosa mtu wa kuwapangia vizuri.

Dereva alistahili kila baisa tuliyolipa. Ratiba haikustahili.

Siku ya kwanza iliandikwa Wadi Shab (wadi ni bonde linalopitisha maji ya mvua), mji wa Sur na kasa wa Ras al Jinz. Siku ya pili Nizwa, Jebel Akhdar na Jebel Shams. Siku ya tatu ununuzi katika soko la Matrah, hapo Maskati. Ukisoma haraka unafurahi kwa wingi wa majina. Ukweli ni kwamba Wadi Shab iko kiasi cha kilomita 150 kutoka Maskati kwa njia ya pwani, Nizwa nayo iko masafa kama hayo upande wa bara, na milima ile miwili kila mmoja una barabara yake, hivyo mtu hana budi kushuka mmoja mpaka chini ndipo aanze kuupanda wa pili. Juu ya hayo kuna suala la jua. Kwetu mwezi wa Januari magharibi huingia baada ya saa kumi na mbili na nusu, lakini Maskati jua huzama karibu na saa kumi na mbili kasorobo, na ndani ya bonde lenye kuta ndefu kivuli hukufikia mapema zaidi. Ukiondoa saa za barabarani, za sala na za kula, siku inayobaki ni fupi, na ni hiyo iliyobaki ndiyo ya kutembelea.

Wadi Shab tulipelekwa siku ya Ijumaa. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko huko, kwa hiyo tulikuta foleni ya mashua inayovusha watu kwenye mdomo wa bonde, ambayo nauli yake ni rial moja kwenda na kurudi. Ratiba haikukumbuka kabisa kwamba kuna sala ya Ijumaa. Wanaume wetu waliswali Tiwi, kijiji cha karibu na hapo, na tulipoanza kutembea ilikuwa imeshapita saa nane. Njia yenyewe ni nzuri mno: mitende na migomba chini, miamba iliyosimama wima pande mbili, na baada ya kiasi cha dakika 45 madimbwi ya maji ya kijani ambayo mtu huogelea kuelekea pango lenye maporomoko ndani yake. Pango hatukulifika. Mawe yanateleza kama yaliyopakwa sabuni, na dereva alitusimamisha mapema. "Dada, tukirejea sasa hatujapoteza kitu," aliniambia, "tukingoja, mawe haya tutayapita na kiza." Babu yake alizaliwa Wete, kwetu Pemba, na ukimsikia akisema unadhani hajapata kuondoka. Sur na kasa tulivifuta palepale.

Siku ya pili ndiyo ninayoilalamikia hasa. Ofisi ilileta gari dogo la mjini, kwa maelezo kwamba lile kubwa limechukuliwa na wateja wengine. Kila anayeijua Jebel Akhdar anajua kwamba chini ya mlima, Birkat al Mawz, kuna kizuizi cha polisi ambacho hakipitishi gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne, na sharti hilo ni la haki kwa mteremko ule. Askari alizunguka nyuma ya gari, akainama, akasimama, akachora duara hewani kwa kidole. Tukageuza. Dereva wetu hakusema neno mpaka tulipofika kwenye mitende, na uso wake ulionyesha aibu isiyokuwa yake. Hapo akatupeleka kutembea kando ya Falaj al Khatmayn, mmoja wa mifereji mitano ya kale ya Oman iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, kisha tukaendelea kwa barabara ya lami hadi kijiji cha Misfat al Abriyeen, ambako maji ya falaji hupita baina ya nyumba za mawe na mashamba ya mitende. Ilikuwa siku nzuri, lakini siyo tuliyoilipia.

Usiku ule tukakaa na dereva, tukaifuta safari ya Matrah na kuiweka siku ya tatu nzima kwa Jebel Shams. Gari safari hii lilikuwa sahihi, na tuliondoka mara baada ya alfajiri. Njia inayoitwa W6 huanzia kijiji cha Al Khitaym, karibu mita 1,900 juu ya bahari. Kwetu Masingini, ndiyo juu kabisa ya Unguja, haifiki hata mita 150, kwa hiyo msishangae nikisema masikio yaliniziba na vidole vilikufa ganzi. Wenzangu waliovaa majaketi mawili walikuwa na akili. Njia imewekewa alama za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu juu ya mawe, nayo haipandi sana. Ugumu wake ni kwamba upande mmoja una mwamba na upande wa pili una korongo la Wadi Nakhr, lenye kina cha karibu kilomita moja. Mwenye kizunguzungu asiende. Dereva alitembea nyuma ya kijana wetu, siku zote upande wa korongo, bila ya kuambiwa.

Mbuzi walitufuata tangu kijijini. Mmoja mweusi, mwenye sikio lililochanika, alinisubiri nitoe maandazi ya wifi yangu, akatia mdomo ndani ya mkoba na kuondoka na mfuko mzima.

Mwisho wa njia, baada ya kama saa mbili kwa mwendo wetu, kuna kijiji kilichohamwa cha Sab Bani Khamis, nyumba za mawe zilizojengwa chini ya mwamba unaoning'inia. Niliinama kuingia katika mlango unaonifika kifuani. Ndani dari lina masizi ya moto wa zamani, na nje bado yapo matuta ya mashamba, ngazi baada ya ngazi, mpaka ukingoni kabisa. Tulikaa hapo saa nzima. Saa hiyo moja ratiba ya ofisi isingetupa.

Anayepanga kwenda ajue pia kwamba majira ya joto hayafai kwa matembezi haya ya kaskazini. Kuanzia Juni hadi Septemba watu huelekea Salalah, kusini, kwa ajili ya kharifu, yaani msimu wa manyunyu na ubaridi. Mawingu yakionekana milimani, wadi haingiwi, hata kama chini ulipo ni kukavu, kwani mafuriko hushuka ghafla. Ndara ziachwe nyumbani.

Ofisi imetupa ahadi ya gari la bure safari ijayo; sisi tumeomba turejeshewe fedha za siku ya pili. Aprili, majira ya mawaridi ya Jebel Akhdar, tunakusudia kurudi tena, na dereva tumeshapatana naye moja kwa moja. Mume wangu ameandika ratiba ya siku mbili, na ina jina la mlima mmoja tu.