Rockhopper ya Mtumba: Kwa Nini Niliacha Zenye Shokapu Nikachukua Chuma cha Zamani

Habari za muda huu ndugu zangu, karibuni tena nyumbani kwetu hapa Morogoro. Baiskeli mnayoiona nyuma yangu ni Specialized Rockhopper, fremu ya chuma, foki ngumu isiyo na shokapu, magurudumu ya inchi 26, gia 21. Nimeinunua mtumba Dar es Salaam kwa shilingi 260,000, na mpaka jana jioni nilikuwa nimeitia nyingine 228,000. Jumla 488,000. Wengi mmeniuliza kama hiyo ni pesa ya kutupa, kwa hiyo leo tunaifungua mpaka kwenye gololi.

Siku ninainunua, kontena lilikuwa limefunguliwa asubuhi ileile. Wateja wote wamejazana upande wa zile zenye shokapu mbele na katikati. Siwalaumu, shokapu inavutia macho. Lakini shokapu ya bei rahisi iliyokaa ghalani miaka kumi, raba zake za ndani zimekauka, mafuta yameshavuja, na kipuri chake hapa hukipati. Unabaki umebeba chuma kizito kinachonesa kila ukikanyaga pedali, ukipanda mlima sehemu ya nguvu zako inamezwa na springi. Hii ilikuwa kwenye kona, vumbi tupu, tairi zimepasuka ubavuni. Muuzaji akaniambia, "Hiyo ya zamani bosi wangu, chukua hii yenye shokapu." Nikamwambia, kaka, naomba unitolee hiyohiyo ya zamani.

Sasa sogea hapa na kamera, nionyeshe nilichoangalia kabla ya kutaja bei.

Kwanza hapa, chini ya shingo, pale mabomba mawili makubwa yanapokutana na bomba la usukani. Pitisha kidole taratibu. Ukihisi rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, hiyo baiskeli ilishagonga kitu kwa mbele na fremu imepinda. Iache hapohapo, hata ukipewa kwa elfu hamsini. Hii iko laini. Pili, uzi. Natembea na uzi mfukoni. Unaufunga pale gurudumu la nyuma linapokaa upande mmoja, unauzungusha mbele kwenye shingo, unaurudisha nyuma upande wa pili, unauvuta ukaze. Kisha unapima kutoka kwenye uzi mpaka bomba la siti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Kwangu kulia milimita 31, kushoto 31. Hapo moyo ukaanza kunidunda.

Tatu, siti, na hili nalisema kwa uchungu. Paipu ya siti ni ya aluminiamu, fremu ni chuma. Vikikaa pamoja miaka bila grisi, vikipata unyevu na hewa ya chumvi, vinaumana mpaka vinakuwa kitu kimoja. Baiskeli yangu ya kwanza ya mtumba niliilipia bila kujaribu. Siku tatu nimehangaika na mafuta ya kulegeza kutu, maji ya moto, watu wawili tumeng'ang'ania siti, na mwishoni tukaikata kwa msumeno kutokea ndani, kipande kwa kipande. Nikaichubua fremu vibaya. Kwa hiyo sasa hivi silipi mpaka bolti imelegezwa na siti imezunguka mbele ya macho yangu. Ukiichomoa, angalia na namba iliyogongwa chini yake. Fremu ya chuma chembamba kizuri kwa kawaida hupokea paipu nene, milimita 26.8 au 27.2. Ukikuta 25.4, bomba la fremu lina ukuta mnene na baiskeli itakuwa nzito. Hapa imeandikwa 26.8, na stika ya fremu inasema kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromu na molibdenamu. Yote mawili yanasema lugha moja.

Umri wake niliujua kwa krenki, ule mkono unaoshika pedali. Geuza mkono wa krenki ya Shimano, angalia mgongoni, utaona herufi mbili ndogo. Hii ina P na K. Herufi ya kwanza ni mwaka, wanahesabu A kuwa 1976, kwa hiyo P ni 1991. Ya pili ni mwezi, K ni wa kumi na moja. Krenki hii ilitoka kiwandani Novemba 1991. Herufi hizo hurudi A mwaka 2002, kwa hiyo tazama na sura ya baiskeli usije ukachanganya. Nilipozisoma mara ya kwanza nilikaa chini. Kitu kimezunguka zaidi ya miaka thelathini na meno yake bado yana pembe.

Haya, matengenezo. Hapa ndipo watu wanapoteza pesa, na mimi nilipoteza.

Mnyororo uliokuja nayo ulikuwa umelegea. Unaupima kwa rula: kutoka katikati ya pini moja mpaka pini ya ishirini na nne baada yake ni inchi 12 kamili ukiwa mpya. Ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo. Ukizidi kwa moja ya nane, ujue umeshakula na meno ya kaseti, yale magurudumu ya gia ya nyuma. Wangu ulizidi moja ya nane. Nikajifanya sijaona. Nikanunua mnyororo mpya wa gia nane, ambao unafaa kwenye gia saba bila shida, nikaufunga juu ya kaseti ya zamani, na Jumamosi nikashika njia ya Morningside. Mnaoijua barabara ile mnajua inavyopanda milima ya Uluguru mpaka kwenye lile jengo la enzi za Wajerumani. Sijamaliza nyumba za mwisho za mjini, nimesimama kwenye pedali, mnyororo ukaruka. Krenki ikaenda tupu, goti likapiga shingo ya usukani. Nikashuka, nikakaa kwenye jiwe dakika nzima siwezi hata kuongea. Mnyororo mpya haukai kwenye meno yaliyolika, mashimo yake hayalingani tena. Kaseti elfu arobaini, mnyororo elfu ishirini na tano, nunua vyote siku moja.

Breki. Hizi ni kantileva, zile zenye waya mfupi unaopita juu ya tairi na kuvutwa katikati. V-breki za Shimano, zile zenye mikono miwili mirefu na waya unaovutwa kutoka pembeni, zilikuja mwaka 1996, kwa hiyo baiskeli ya umri huu haina. Mafundi wengi watakuambia tung'oe tuweke V-breki, ni dakika kumi. Ni kweli zinafunga palepale, lakini mkono wa breki wa zamani unavuta waya kidogo, V-breki inataka waya mwingi. Utabana mpaka mkono unagusa usukani na baiskeli bado inakwenda. Ukibadilisha breki, badilisha na mikono yake. Mimi nimebaki na kantileva, nimeweka raba mpya na waya mpya pamoja na maganda yake, na zinashika vizuri sana. Uangalifu mmoja tu dukani: raba za kantileva za wakati huu zina mguu laini kama msumari usio na kichwa. Zilizojaa madukani zina mguu wenye nyuzi na nati, hizo hazikai hapa. Nenda na ya zamani mkononi. Nilizunguka Kariakoo saa mbili kwa ajili ya raba nne.

Halafu krenki. Nilimpelekea fundi mmoja mzee, mtu ninayemheshimu, na alipoinua nyundo nilimshika mkono. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba hii tusiigonge. Yeye maisha yake yote ametengeneza baiskeli za Phoenix, na krenki ya Phoenix inashikwa na kota pini, ile lazima uigonge itoke. Hii haina pini. Imekaa kwenye shafti yenye pembe nne, inatolewa kwa pula inayojifunga kwenye nyuzi za krenki na kuisukuma nje polepole. Ukigonga unaharibu beringi na kuipindisha aluminiamu. Tukaazima pula, ikatoka bila kelele. Mzee akaigeuzageuza ile pula mkononi, akaniuliza bei yake. Na ukifika kwenye beringi za katikati, kumbuka upande wa kulia, wenye meno, nyuzi zake ni za kinyume. Unafungua kwa kuzungusha kama unakaza. Pedali ya kushoto nayo ni hivyohivyo. Nimeweka beringi mpya zilizofungwa, elfu thelathini na tano, sitazigusa muda mrefu.

Habu za magurudumu, vile vitovu vya katikati, sikununua kitu. Zilikuwa zinakwaruza tu. Nyuma zinaingia gololi tisa kila upande, za robo inchi, mbele ni kumi kila upande, ndogo zaidi. Nikaosha kwa mafuta ya taa, nikaangalia kila gololi kwenye mwanga, hakuna yenye kovu, nikaweka grisi mpya. Hapa nina habari moja naipenda mno. Miaka ya sabini huko kaunti ya Marin, California, vijana walikuwa wanashuka mlima kwa baiskeli nzito za kizamani zenye breki ya kukanyaga nyuma. Mteremko ulikuwa mkali mpaka habu inachemka na grisi inageuka moshi. Kila wakifika chini, lazima wafungue wajaze grisi upya. Mteremko wenyewe ukaitwa Repack, kujaza upya, na mashindano yake yalianza 1976. Kutoka kwenye kundi lile ndiko baiskeli ya mlima ilikotoka, na mwaka 1981 Specialized wakatoa Stumpjumper, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Rockhopper hii ni mdogo wake. Kwa hiyo nikiwa hapa barazani, mikono imejaa grisi mpaka viwiko, nafanya kazi ileile iliyoupa mteremko ule jina.

Tairi 26 kwa 1.95, elfu sabini zote mbili. Nashukuru sana ni inchi 26, kwa sababu saizi mpya za huko nje, 27.5 na 29, ukipasukiwa kijijini umekwama. Tairi na tyubu za 26 nimezikuta mpaka kwenye maduka ya njiani yanayouza sabuni na unga.

Kuna yasiyonifurahisha. Shifta, zile za kubadilishia gia, zilikuwa zimeganda, grisi ya zamani imekuwa gundi, unabonyeza gia haishiki. Usitupe. Puliza mafuta mepesi ndani, bonyeza mara mia, puliza tena. Ya kulia imeamka yote, ya kushoto bado inasita asubuhi kukiwa na baridi. Shingo ya usukani nayo ni ndefu, inakulaza mbele, mgongo wangu unauma baada ya saa mbili. Unaweza kuipandisha, ila usiuvuke ule mstari uliochongwa ubavuni, ikichomoka ukiwa mteremkoni ni meno yako. Na kama kazi yako ni kubeba magunia au madumu ya maziwa, chukua Phoenix yenye keria ya chuma. Hii haikutengenezwa kwa mzigo.

Jumamosi iliyopita nilirudi njia ileile ya Morningside. Nilipofika kwenye lile jiwe nililokaa siku ya goti, nilikuwa bado juu ya siti, meno madogo mbele, makubwa nyuma, mnyororo haujaruka hata mara moja. Mama mmoja anashuka na ndizi kichwani akanisimamia pembeni akaniambia, "Pole na mlima, baba." Nilitaka kumjibu, pumzi haikutosha, nikapunga mkono.

Sogeza maikrofoni hapa chini. Nazungusha gurudumu la nyuma, msikilize wenyewe.