Mashine ya kumenya nyaya: miezi saba kijiweni

Nafanya skrepa Buguruni, zaidi vifaa vya umeme vilivyokufa: TV, kompyuta, redio. Zamani nyaya tulikuwa tunachoma. Moshi wake una sumu inayoitwa dioksini, na tulikuwa tunauvuta kila jioni. Siku moja mama muuza vitumbua wa jirani alinibebea beseni lake zima la unga, masizi yametanda juu, akaniuliza, "Mwanangu, hiki nimuuzie nani?" Halafu shaba ya kuchoma hutoka nyeusi, mnunuzi anakushushia bei hapo hapo.

Mashine niliinunua Kariakoo kwa laki tisa na nusu. Kwenye nyaya nene sina neno. Unachagua tundu linalolingana na waya, unakaza skrubu mpaka kisu kichane plastiki bila kugusa shaba, unaingiza ncha, basi. Roli zinauvuta zenyewe, unatokea upande wa pili umepasuliwa mgongo kama samaki wa kuanika. Kilo 10 za waya wa nyumba wa milimita 2.5 zilinipa shaba kilo 6 na nusu, inang'aa.

Kilio kipo kwenye nyembamba. Waya za chaja na earphone inazitafuna, nyuzi zinanasa kwenye roli, unazima na kuanza kuchokonoa kwa bisibisi. Za kompyuta unapitisha ganda la nje kwanza, kisha zile tatu za ndani moja moja. Kwa hiyo kijana wangu sasa asubuhi nzima anachambua nyaya kwa unene. Enzi za kiberiti hatukuwa na kazi hiyo.

Kuna mteja alinionyesha video ya Daisy, roboti wa Apple kule Texas, anayefungua iPhone hadi 200 kwa saa. Safi sana, ila Daisy analetewa iPhone tu. Gunia langu moja lina Tecno, rimoti, pasi na nusu ya redio. Aje Buguruni tumuone.

Usivae glavu za kitambaa wala mikono mirefu, roli hazijui kidole ni nini. Kisu nimeshabadilisha mara mbili. Duka halina spea, nikachongesha kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani.

Umeme ukikatika kuna mkono wa kuzungusha. Kwenye waya wa milimita 16 kijana alizungusha robo saa, jasho linamtiririka, akaniuliza kiberiti nimekiweka wapi.