Nimekula Marangu: mtori wa brenda na kiburu cha mama

Wadau, karibuni mezani. Leo nipo Marangu, Kilimanjaro. Nimeiacha barabara kuu pale Himo, nikapanda hadi Marangu Mtoni, na baridi hii mnaiona kwenye sweta langu. Ngoja nigeuze kamera. Migomba, mibuni chini yake, na huo mfereji mnaousikia unaitwa mfongo. Wachaga walikuwa wanaleta maji ya mlimani mashambani kwa mifongo kabla Mjerumani hajakanyaga hapa.

Sasa tumbo. Mgahawa wa kwanza jina nalihifadhi. Unapokea sana wageni wanaokwenda kupanda mlima. Mandhari, kumi kwa kumi. Menyu: chipsi kuku, pizza, spageti... mtori nimeukuta ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya soda! Nikaagiza. "Kaka, utasubiri kidogo." Kidogo chenyewe kikawa saa nzima, halafu ukaja mtori laini kama uji wa mtoto. Wameupiga brenda!

Jamani, mtori ni ndizi mshare mbichi zinazochemshwa na nyama ya ng'ombe yenye mfupa mpaka vyote vilainike, halafu unapondwa kwa mwiko. Ukila unakutana na vibonge vya ndizi, unakutana na nyuzi za nyama. Ndicho chakula anachopewa mama aliyejifungua arudishe nguvu. Huu wangu ulikuwa unateleza tu, na chumvi wamesahau.

Lakini kilichoniuma ni kahawa. Nimekaa hapa, mbuni ule pale, nikinyoosha mkono nachuma. Wameniletea maji ya moto na kahawa ya kopo. Wilaya iliyosomesha watoto kwa kahawa! Nililipa, nikaondoka.

Nikashuka kwa mama mmoja, kibanda cha mabati, mabenchi mawili. Hana menyu, ana sufuria. Leo kuna kiburu: ndizi na maharage vimepikwa pamoja, magadi kwa mbali, basi. Hakina mbwembwe. Tonge la kwanza nikasema mbona kimepooza, la tatu nikanyamaza. Kinashibisha vibaya mno, nusu sahani inatosha. Kasoro yake ni moshi, macho yamenitoka machozi, na mahali pa kunawia ni jagi moja kwa wote.

Pembeni kuna mbege, pombe ya ndizi, kwenye kata ya kunywea. Ndizi mbivu zimechemshwa zikachachuka, ukaongezwa ulezi, na ule uchungu wa mwishoni ni gome la msesewe. Inanywewa taratibu. Dereva, wewe pita mbali.

Kwa hiyo ukija, mgahawa wa juu nenda kapige picha, kisha teremka ule. Kwa mama fika kabla ya saa saba mchana, sufuria ni moja na mafundi bodaboda wanaijua.

Eh? Ndiyo mama, ongeza nusu. Shika hii kamera, mdogo wangu.